Nguo zisizotakata: kisa cha mtoto mwenye manjano aliyefikishwa hospitali akiwa na siku 56

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mtoto wa kike aliyeletwa kwetu, katika hospitali moja mkoani Tanga, akiwa na umri wa siku 56, macho yake yakiwa ya manjano yenye kuelekea ukijani na damu ikimtoka puani. Kimeandikwa kwa idhini ya wazazi wake ili kiwafae matabibu, wauguzi wakunga na wahudumu wa kliniki za mama na mtoto. Majina, kijiji, vituo na tarehe vimeondolewa. Siku zote zimehesabiwa tangu kuzaliwa, kwa kuwa katika ugonjwa huu umri wa mtoto kwa siku ndio unaoamua kiasi cha ini kitakachookolewa.

## Usuli

Ugonjwa wenyewe ni atresia ya mirija ya nyongo. Ini hutengeneza nyongo, nayo hupita katika mirija hadi kwenye utumbo mdogo, ambako husaidia mafuta kumeng'enywa na kukipa choo rangi yake ya manjano au kijani. Kwa mtoto mwenye atresia, mirija iliyo nje ya ini huvimba na kufanya makovu katika wiki za mwanzo za maisha hadi inaziba kabisa, nyongo ikakosa pa kutokea, ikarudi nyuma na kuliharibu ini. Ni ugonjwa wa nadra: Ulaya na Amerika Kaskazini hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila watoto 10,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Asipotibiwa, mara nyingi mtoto hafikishi miaka miwili.

Tiba ya kwanza ni upasuaji ulioanzishwa mwaka 1955 na Morio Kasai, daktari wa upasuaji wa Japani. Mirija iliyoziba huondolewa na kitanzi cha utumbo hushonwa kwenye lango la ini, ili nyongo inayochuruzika kutoka katika vijirija vidogo ipate njia. Matokeo huwa mazuri zaidi upasuaji unapofanyika kabla ya siku 60, na baada ya siku 90 matumaini hupungua sana.

Mtoto wetu alikuwa wa pili kuzaliwa katika familia ya wavuvi wa pwani. Alizaliwa kwa njia ya kawaida, mimba ikiwa imetimia, akiwa na uzito wa kilo 3.1. Alilia vizuri, alinyonya vizuri, na choo chake cha kwanza kilikuwa cheusi kama ilivyo kwa kila mtoto. Kadi yake ya kliniki haikuonyesha kama alidungwa sindano ya vitamini K baada ya kuzaliwa.

Jambo jingine la usuli ambalo hatukulipa uzito tangu mwanzo ni desturi ya arobaini. Mama alikuwa ndani kwa siku arobaini, akilelewa na mama yake mzazi. Bibi ndiye aliyepika uji, aliyemkanda mama, aliyemwogesha mtoto, na aliyefua vitambaa vyake vyote kila asubuhi.

## Yaliyotokea kwa mfuatano

Siku ya 3 macho ya mtoto yalianza kuwa ya manjano. Siku ya 7 alipopelekwa kliniki, mama aliambiwa kwamba hali hiyo ni ya kawaida kwa wachanga na kwamba amwanike mtoto kwenye jua la asubuhi. Kwa umri ule ushauri wa kutokuwa na hofu haukuwa wa ajabu, kwa maana wachanga wengi hupata manjano katika wiki ya kwanza. Kilichokosekana ni kumwambia mama arudi iwapo manjano yangekuwepo bado baada ya siku ya 14.

Kati ya siku ya 18 na ya 20 bibi alianza kuona kwamba vitambaa vyenye mkojo vilikuwa na madoa ya manjano yaliyokataa kutoka kwa sabuni. Wakati huohuo choo kilianza kupauka. Aliona kuwa ni chango la watoto, akamchemshia mtoto mizizi ya dawa kwa siku chache. Mahudhurio ya siku ya 28 hayakufanyika, kwa kuwa mama alikuwa bado ndani.

Siku ya 43, baada ya kutoka arobaini, mtoto alipelekwa kupata chanjo za wiki ya sita. Uzito wake ulikuwa kilo 4.2. Muuguzi aliona manjano ya macho na akayataja, lakini mtoto alikuwa mnene, mchangamfu, na mstari wake wa uzito kwenye kadi ulikuwa ukipanda vizuri; mama akaambiwa aendelee na jua. Choo na mkojo havikuulizwa.

Baada ya chanjo, paja lililodungwa lilichuruzika damu hadi usiku. Siku ya 46 lilikuwa limevimba na kuwa jeusi. Katika kituo cha karibu ilidhaniwa kuwa ni jipu linalotunga, na mtoto akapewa antibiotiki ya maji. Jioni ya siku ya 55 damu ilianza kumtoka puani, na kesho yake asubuhi wakafika kwetu.

Tulimkuta akiwa macho na ananyonya. Ngozi ilikuwa na alama za damu iliyovilia chini yake, ini lilipapaswa sentimeta 4 chini ya mbavu likiwa gumu kuliko inavyotarajiwa, na ncha ya bandama iliguswa. Utosi haukuwa umevimba. Kipimo cha kuganda kwa damu, yaani INR, kilikuwa 4.8, ilhali kawaida huwa karibu na 1. Bilirubini yote ilikuwa mikromoli 178 kwa lita, na katika hiyo, 121 ilikuwa bilirubini ya moja kwa moja, yaani ile ambayo ini limekwisha kuishughulikia na iliyopaswa kutoka kwa njia ya nyongo. Kimeng'enya cha GGT, ambacho hupanda nyongo inapoziba, kilikuwa juu sana, 780.

Mimi ndiye niliyechukua historia. Nilimuuliza mama, "Choo chake kina rangi gani?" Akajibu, "Cha kawaida, daktari." Nikaandika kwenye faili: choo cha kawaida. Nilikuwa nimekwisha kugeuka kwenda kwa mgonjwa mwingine pale bibi, aliyekuwa ameketi nyuma ya kitanda na beseni lake, aliposema, "Daktari mwanangu, nguo za mjukuu wangu huyu nafua mimi. Hazitakati. Mkojo wake unatia doa kama chai ya rangi, na choo chake si cha rangi ya bizari kama cha kaka yake. Cheupe, kama ugali wa muhogo."

Kitambaa kilikuwemo ndani ya beseni, hakijafuliwa. Tulikifungua chini ya taa ya wodi, na muuguzi akasema kwamba anaona unjano kidogo. Tukakipeleka dirishani na kukilaza juu ya karatasi nyeupe. Katika mwanga wa mchana hakukuwa na unjano wowote: choo kilikuwa na rangi ya udongo mweupe, laini, na pembeni yake doa la mkojo lilikuwa la kahawia iliyoiva. Nilifuta neno "kawaida" kwenye faili.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ni kuzuia damu. Vitamini K huyeyuka katika mafuta, na bila nyongo utumbo hauwezi kuifyonza. Maziwa ya mama yana kiasi kidogo tu cha vitamini hiyo, na mtoto ambaye huenda hakudungwa alipozaliwa hana akiba. Tulimpa vitamini K polepole kupitia mshipa, na tukampima kichwa kwa ultrasaundi kupitia utosi ili kuhakikisha kwamba damu haijavuja ndani ya ubongo. Haikuwa imevuja. Baada ya saa 24 INR ilishuka hadi 1.3. Jibu hilo lilikuwa tiba, na papo hapo likawa kipimo: ini lililokwisha kufa lisingeweza kutengeneza vigandishi vya damu kwa kupewa vitamini tu. Ini la mtoto huyu lilikuwa bado linafanya kazi, ila lilikosa malighafi.

Uamuzi wa pili ulihusu ultrasaundi ya tumbo. Ya kwanza ilifanyika siku ya 57, dakika chache baada ya mtoto kunyonya, na majibu yakasema kwamba kibofu cha nyongo hakionekani. Majibu hayo hayakuwa na maana yoyote, kwa kuwa kibofu cha nyongo cha mtoto yeyote hujikamua anaponyonya. Tulirudia siku ya 58 baada ya kumfungisha kwa saa 4, akiwa na dripu ya glukosi. Safari hii kibofu kilionekana kifupi, milimita 11, kuta zake zikiwa na mikunjo, na mbele ya mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini palikuwa na utando mnene wa kovu wenye umbo la pembetatu. Hapakuwa na uvimbe wa maji katika mrija mkuu wa nyongo, ambao nao huziba nyongo na huhitaji upasuaji wa aina nyingine.

Magonjwa mengine yanayofanana na haya yalijadiliwa. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao ni wa kawaida pwani yetu, huvunja chembe nyekundu na kuleta manjano, lakini bilirubini inayopanda huko ni ile ambayo ini halijaishughulikia, na choo hakiwi cheupe. Manjano yatokanayo na maziwa ya mama ni hivyohivyo. Kaswende ya kuzaliwa nayo, saitomegalovirusi (virusi vinavyoweza kumwambukiza mtoto tangu tumboni), maambukizi ya njia ya mkojo, galaktosemia (mwili kushindwa kutumia sukari ya maziwa) na upungufu wa homoni ya thairoidi huweza kupandisha bilirubini ya moja kwa moja. Kipimo cha kaswende cha mama kilikuwa hasi, mkojo wa mtoto haukuotesha bakteria, na sukari ya damu ilikuwa sawa. Moyo haukuwa na mvumo, wala uso haukuwa na dalili za sindromu ya Alagille, ugonjwa wa kurithi ambao mirija ya nyongo ndani ya ini huwa michache.

Uamuzi wa tatu ndio ulio mgumu kuuandika. Jioni ya siku ya 58 tulikuwa na choo cheupe kilichoonekana kwa macho, bilirubini ya moja kwa moja zaidi ya theluthi mbili ya yote, GGT ya juu, ini gumu na ultrasaundi yenye kuashiria kuziba. Mwenzangu mmoja alitaka mtoto asafirishwe kesho yake. Mimi niliamua tusubiri majibu ya saitomegalovirusi na thairoidi kutoka maabara ya Dar es Salaam, kwa hoja kwamba rufaa yenye majibu kamili hupokewa vizuri zaidi. Majibu yalifika siku ya 64. Thairoidi ilikuwa sawa. Saitomegalovirusi ilikuwa chanya, jambo ambalo halikubadilisha chochote, kwa kuwa watoto wenye atresia nao huweza kuwa na virusi hivyo.

## Matokeo

Mtoto aliondoka Tanga siku ya 65 kwa basi, akiwa na mama na bibi, mwendo wa kilometa 350 hivi kupitia Segera na Chalinze. Baba alibaki kutafuta fedha. Aliuza mashine ya boti yake. Katika hospitali ya juu zaidi jijini Dar es Salaam, siku ya 73, madaktari wa upasuaji walifungua tumbo na kujaribu kuingiza dawa ya eksirei kupitia kibofu cha nyongo, hatua ambayo ndiyo inayothibitisha ugonjwa. Dawa haikupita kuelekea kwenye ini wala kwenye utumbo. Wakaendelea na upasuaji wa Kasai palepale. Ini lilikuwa limeanza kuwa na vinundu.

Siku ya 9 baada ya upasuaji choo kilitoka na rangi. Muuguzi wa wodi ile alitusimulia kwamba bibi alikikunja kitambaa, akakiweka kando, akakataa kukifua hadi daktari apite. Miezi mitatu baadaye bilirubini yote ilikuwa 46. Lengo lilikuwa ishuke chini ya 34. Nyongo ilikuwa inatoka, ila si ya kutosha.

Akiwa na miezi mitano alipata homa na choo kikapauka tena. Hayo yalikuwa maambukizi ya njia ya nyongo, hatari inayomkabili kila mtoto aliyefanyiwa Kasai, kwa kuwa bakteria wa utumbo hupanda kupitia kitanzi kilichoshonwa. Safari hii familia haikusubiri hata siku moja. Alilazwa, akatibiwa kwa antibiotiki za mshipa kwa siku 14, na rangi ikarudi. Leo ana mwaka mmoja na miezi miwili. Anatembea akishikilia ukuta, anatumia vitamini A, D, E na K kila siku, uzito wake uko nyuma ya wenzake na bandama yake ni kubwa. Huenda akahitaji kupandikizwa ini, tiba ambayo familia za hapa huifuata nje ya nchi, aghalabu India, na ambayo mzazi anaweza kuiwezesha kwa kutoa kipande cha ini lake mwenyewe. Mazungumzo hayo tumeyaanza na wazazi mapema, kwa lugha ya wazi.

## Uchambuzi

Tukihesabu siku, dalili zote mbili zilizotosha kumtambua mtoto huyu, choo kilichopauka na mkojo unaotia doa, zilikuwepo tangu siku ya 20. Hadi anafika kwetu zilikwisha kupita siku 36. Kwetu alikaa siku 9, na huko Dar es Salaam zilipita siku 8 kabla ya upasuaji. Ni rahisi kuilaumu familia kwa zile 36, na nimesikia lawama hiyo ikitamkwa wodini. Siikubali. Familia hii ilimpeleka mtoto kwa wataalamu siku ya 7, ya 43 na ya 46, na kila mara iliondoka na maelezo yaliyoituliza. Bibi alikuwa na taarifa sahihi kuliko mtu yeyote mwenye koti jeupe, na hakuna aliyemuuliza, nami nikiwemo.

Mama hakunidanganya aliposema choo ni cha kawaida. Kwa siku arobaini hakufua kitambaa hata kimoja, na hata baada ya hapo, choo alichokiona ndicho alichokizoea. Isitoshe, swali langu lilikuwa baya. Mtu akiulizwa kama kitu ni cha kawaida, hujibu kwa kutumia kile anachokijua. Sasa tunauliza kwa kulinganisha: je, ni kama bizari, kama mbegu ya haradali, kama majani mabichi, au ni kama ugali, udongo mweupe, chokaa? Na kabla ya hapo tunauliza: nani anafua nguo za mtoto? Kwa familia za pwani zinazoshika arobaini, jibu mara nyingi ni bibi, shangazi au somo wa mama, na huyo ndiye wa kuzungumza naye, kwa heshima, bila kumkaripia kwa dawa ya mizizi aliyotoa. Bibi wa mtoto huyu alitueleza habari za mizizi siku ya tatu tu tangu mtoto alazwe, baada ya kuona kwamba hatukuja kumhukumu.

Mkojo nao unastahili kuulizwa zaidi kuliko tunavyofanya. Mkojo wa mtoto mchanga anayenyonya huwa karibu kama maji, haubakishi rangi kwenye kitambaa. Ukitia doa, bilirubini ya moja kwa moja ndiyo ya kufikiriwa kwanza, kwa sababu hiyo pekee huyeyuka katika maji na kupita kwenye figo.

Ushauri wa jua unahitaji kutazamwa upya. Mwanga hubadilisha bilirubini iliyo kwenye ngozi ambayo ini halijaishughulikia. Kwa mtoto ambaye ini limekwisha kufanya kazi hiyo na tatizo ni njia ya kutokea, jua halina linalomfanyia. Huwapa tu wazazi jambo la kufanya kila asubuhi huku siku zikipita. Baada ya siku ya 14 neno la kutamkwa kwa mtoto mwenye macho ya manjano ni kipimo cha bilirubini kilichogawanywa sehemu mbili. Bilirubini ya moja kwa moja ikizidi mikromoli 17 kwa lita, si hali ya kawaida ya uchanga, hata mtoto akiwa mnene kiasi gani.

Unene huo ndio uliomponza. Watoto wenye atresia huzaliwa na uzito mzuri na huonekana wazima katika miezi ya kwanza, na hata choo chao huweza kuwa na rangi mwanzoni, kabla mirija haijaziba. Kwa hiyo hoja kwamba mtoto anaongezeka kilo, au kwamba alipata choo cha kijani wiki ya kwanza, haiondoi ugonjwa huu.

Paja lililochuruzika damu ni onyo lililokaa wazi kwa siku 12. Mtoto mwenye manjano anayetoka damu kwa muda mrefu baada ya sindano anahitaji vitamini K siku hiyohiyo, kwa kuwa damu inayofuata huenda ikawa ya ubongo. Mtoto wetu alitokwa na damu puani. Wapo walioletwa wakiwa na degedege.

Kwa upande wa yaliyofaa, kutoa vitamini K kabla ya kungoja majibu mengine kulikuwa sahihi, na kurudia ultrasaundi kwa mtoto aliyefungishwa kulitupa ushahidi halisi. Kusubiri majibu ya maabara kati ya siku ya 58 na ya 64 lilikuwa kosa langu. Kipimo ambacho jibu lake, liwe chanya au hasi, halibadilishi hatua inayofuata, hakipaswi kumzuia mtoto kituoni. Damu ingeweza kubaki maabara na mtoto akawa njiani. Ini lile lilikuwa na siku chache za kuokolewa, nami nilitumia sita kati ya hizo kukamilisha faili. Sasa utaratibu wetu ni kumpigia simu daktari wa upasuaji wa watoto siku ileile choo cheupe kinapothibitishwa kwa macho, na majibu yanayobaki kutumwa yakifika.

Taiwan ilianza mwaka 2004 kuwapa wazazi nchi nzima kadi yenye picha za rangi za choo, na idadi ya watoto wanaofanyiwa upasuaji kabla ya siku 60 ikaongezeka. Sisi hatuna kadi hiyo, lakini chanjo za wiki ya sita tunazo, na karibu kila mtoto hufikishwa. Siku ya 42 bado iko ndani ya muda. Katika kliniki tunayoisimamia, muuguzi sasa humwomba mlezi alete kitambaa chenye choo ambacho hakijafuliwa, hukitazama dirishani badala ya chini ya taa, na huandika rangi aliyoiona yeye mwenyewe pembeni mwa uzito kwenye kadi. Tangu tuanze, watoto wawili wenye manjano ya muda mrefu wamepimwa kabla ya siku ya 50. Mmoja alikuwa na maambukizi ya mkojo, akapona. Wa pili yuko Dar es Salaam wiki hii, akiwa na siku 47.